Vidonge, pampu, kukwangua au kusubiri: njia za kutoa na kusafisha mimba zikilinganishwa

"Vidonge au kusafishwa, ipi afadhali?" Anayeuliza huwa na haraka, na mara nyingi anasema anamuulizia rafiki yake. Hakuna njia iliyo afadhali kwa kila mtu. Inategemea mimba ni ya wiki ngapi, imekaa wapi, mwenyewe ana damu ya kutosha mwilini au hana, na huko anakolala kuna choo cha karibu na mlango wa kufunga au analala chumba kimoja na wadogo zake. Ukishajibu hayo, njia karibu inajichagua yenyewe.

Hapa nalinganisha njia zinazotumika hospitalini na kwenye vituo vya afya, hasa Kenya na Tanzania, kisha naingia kwenye sheria na kwenye ubishi wa dini na maadili, maana hakuna anayeizungumzia mada hii bila kuugusa. Kuna jambo moja ambalo wabishi wa pande zote husahau: dawa na vifaa ni vilevile, mimba iwe imeharibika yenyewe au imetolewa kwa makusudi. Pampu anayosafishwa nayo mke aliyemlilia mtoto wake aliyetoka wiki ya tisa ndiyo hiyohiyo inayotumika kwa msichana aliyebakwa. Ukimnyima mmoja kifaa, umemnyima na mwenzake.

Kabla ya njia, hesabu

Wiki huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wala si tangu siku mlipokutana. Mtu akisema "ni ya mwezi mmoja tu" kwa sababu alikosa siku zake mwezi uliopita, kwa hesabu ya hospitali huyo ana kama wiki nane. Anayenyonyesha, aliyekuwa kwenye sindano ya uzazi wa mpango au ambaye mzunguko wake haueleweki, asikisie, apigwe ultrasaundi.

Ultrasaundi inajibu na swali la pili: mimba iko ndani ya kizazi au nje? Mimba iliyotunga kwenye mrija haitolewi kwa vidonge hivi, na pampu haiifikii. Inakua, inapasua mrija, damu inamwagika tumboni, na mama anaweza kufa siku hiyohiyo. Maumivu makali ya upande mmoja, maumivu ya bega yasiyoeleweka, kizunguzungu na kuzimia ni dharura, na hapo hakuna cha kulinganisha.

Na kwa vile swali halikosekani: P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, haitoi mimba. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke. Mimba ikishatunga, P2 haina la kuifanya, hata ukinywa pakiti nzima.

Vidonge

Dawa ni mbili. Ya kwanza, mifepristone, iliidhinishwa Ufaransa mwaka 1988. Inaziba njia ya projesteroni, ile homoni inayouandaa ukuta wa kizazi na kuulinda ujauzito. Projesteroni ikikosa pa kufanyia kazi, mimba inaanza kubanduka. Ya pili, misoprostol, ambayo mitaani wanaiita miso, ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Wanawake wa Brazil, mwishoni mwa miaka ya 1980, ndio waliofanya ulimwengu utambue kwamba inabana kizazi na kulainisha mlango wake. Leo iko karibu kila wodi ya wazazi, kwa sababu inazuia damu kumwagika baada ya kujifungua, kazi ambayo imeokoa akina mama wengi kuliko inavyosifiwa.

Zikitumika zote mbili, ya kwanza ikifuatwa na ya pili baada ya siku moja hadi mbili, kabla ya wiki ya 10, zaidi ya wanawake 95 katika 100 humaliza bila kuhitaji kusafishwa. Misoprostol peke yake nayo inafanya kazi, ila wanaobaki na mabaki au ambao mimba yao inaendelea huwa wengi zaidi. Kwa mimba iliyokwisha kutoka nusu, misoprostol pekee inatosha na ndiyo inayotumika.

Utakachopitia ni hiki. Tumbo linanyonga kuliko hedhi ya kawaida, na kwa wengine kwa mbali sana. Damu inatoka kwa wingi saa chache baada ya misoprostol, pamoja na mabonge, kisha inapungua na kuendelea kidogokidogo kwa wiki moja hadi mbili. Kutetemeka, homa fupi, kuharisha na kichefuchefu ni kawaida siku ile. Ibuprofen inasaidia maumivu vizuri kuliko panadol. Kipimo cha mkojo kitaendelea kuonyesha mistari miwili kwa wiki kadhaa hata kama kila kitu kimetoka, kwa hiyo usikipime baada ya siku tatu ukaingiwa na hofu bure.

Uzuri wa vidonge ni kwamba hakuna chombo kinachoingia kizazini, na mwanamke hahitaji kulala kitandani miguu imepandishwa mbele ya watu asiowajua. Kwa aliyewahi kubakwa hilo si jambo dogo. Ubaya wake ni kwamba kazi inafanyika nyumbani, kwa saa nyingi, na mwenyewe ndiye mlinzi wa mwili wake. Anayeishi mbali na hospitali, mahali ambapo usiku hakuna gari wala bodaboda, afikirie mara mbili.

Wapo wasiofaa kabisa kutumia mifepristone: wenye tatizo sugu la tezi za juu ya figo, wanaotumia steroidi kwa muda mrefu, wenye aina za kurithi za porfiria (ugonjwa wa utengenezaji wa damu), na wenye mzio nayo. Aliye na kitanzi kwenye kizazi atolewe kwanza. Mwenye upungufu mkubwa wa damu au anayetumia dawa za kuyeyusha damu anahitaji kuwa mbele ya macho ya mhudumu, si chumbani peke yake.

Sasa duka la dawa. Mteja anaulizwa wiki, anajibu kwa kunong'ona, muuzaji anainama chini ya kaunta na kutoka na vidonge vinne vilivyofungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Hakuna boksi, hakuna jina, hakuna tarehe ya kuisha. Tatizo la karatasi ile si uchafu tu. Misoprostol inaharibika kwa unyevu. Ikishatolewa kwenye bati lake la alumini, nguvu inashuka, na kwa joto la Tanga au Mombasa inashuka upesi. Mwanamke anakunywa, anatoka damu kiasi, anaamini imetoka, kumbe mimba inaendelea. Na mimba iliyopitiwa na misoprostol ikabaki inaweza kuzaa mtoto mwenye kasoro za viungo au mishipa ya uso. Hatari hiyo ni ndogo, lakini ipo.

Kuna kosa lingine baya zaidi la dukani: dozi moja kwa kila mtu. Kadiri mimba inavyokua, kizazi kinazidi kuitikia misoprostol, na ndiyo maana hospitali hupunguza dozi kadiri wiki zinavyopanda. Mwenye mimba kubwa na kovu la upasuaji akipewa dozi ya mimba changa, kizazi kinaweza kupasuka.

Pampu

Wauguzi wanaiita MVA, wagonjwa wanaiita kusafishwa. Ni bomba kubwa la plastiki la mililita 60, linafanana na bomba la sindano ila halina sindano. Mbele lina vali, na mbele ya vali huchomekwa mrija laini wa plastiki. Mhudumu anafunga vali, anavuta mpini nyuma hadi unakwama, na ombwe linakaa humo ndani likisubiri. Halihitaji umeme. Kwa kituo cha afya ambacho umeme unakatika kila jua likizama, hiyo ndiyo sifa yake kuu.

Mama analala kama anayepimwa njia ya uzazi. Mlango wa kizazi unasafishwa, unachomwa ganzi pembeni, unafunguliwa kidogo, mrija unaingia, vali inafunguliwa. Unene wa mrija huchaguliwa kwa kufuata wiki. Kinachosikika ni mvuto mfupi. Kinachohisiwa ni maumivu kama ya hedhi kali yanayopanda na kushuka. Dakika tano hadi kumi, imeisha. Nusu kaputi haihitajiki, na anayekulazimisha ulale kabisa kwa mimba ya wiki nane anakuongezea gharama na hatari bila sababu.

Hatua inayotofautisha mhudumu makini na mzembe inakuja mwishoni, na mgonjwa haioni. Kilichotoka kinamwagwa kwenye chujio, kinasuuzwa, kinawekwa kwenye bakuli la kioo lenye maji na kutazamwa kwenye mwanga. Damu iliyoganda inazama bila umbo. Tishu za mimba zinaelea na kutandazika, nyuzinyuzi nyeupe kama pamba iliyolowa. Zikionekana, kazi imekamilika. Zisipoonekana, ama mimba haijatoka, ama haikuwa kizazini tangu mwanzo, na mama hapaswi kuruhusiwa kwenda nyumbani kabla jibu halijapatikana. Ukiwa na ujasiri wa kuuliza swali moja tu kabla hujaondoka, uliza hilo: "Mmeangalia kilichotoka?"

Pampu inafaa hadi wiki ya 12 au 14, kutegemea mkono wa mhudumu. Inafanikiwa kwa karibu wanawake 98 au 99 katika 100. Hatari zake ni maambukizi, mabaki, na mara chache sana kutoboka kwa kizazi. Antibiotiki inayotolewa kabla hupunguza hiyo ya kwanza. Inamfaa anayetaka kutoka kituoni akijua imeisha, aliye na damu ndogo, anayevuja damu sasa hivi, na ambaye nyumbani hana faragha. Kwa mimba iliyooza na kuleta homa na uchafu wenye harufu, antibiotiki za mshipa zinaanzwa na kizazi kinasafishwa mara moja. Hapo vidonge na kusubiri havina nafasi.

Ukiniuliza mimi, kwa mwanamke anayetoka kijijini, aliyepanda magari mawili kufika hospitali na ambaye hana uhakika wa nauli ya kurudi, pampu inashinda. Kwa anayekaa dakika kumi kutoka hospitali, mwenye mtu wa kumshika mkono na choo chake, vidonge vinatosha na mara nyingi ndivyo atakavyovipenda.

Kukwangua

Hii ndiyo njia ya zamani: chuma chenye ncha ya kijiko kinakwangua ukuta wa kizazi, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusu kaputi. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba isitumike tena palipo na pampu au dawa. Inaumiza zaidi, inamwaga damu zaidi, inachukua muda zaidi, na ikikwangua kupita kiasi inaacha makovu yanayoweza kubandika kuta za kizazi na kukata hedhi na uzazi. Hofu ya mitaani kwamba "ukisafishwa utakuwa tasa" kwa sehemu kubwa imerithiwa kutoka enzi hizo, pamoja na maambukizi ya vichochoroni.

Bado inafanywa. Daktari alifundishwa hivyo, pampu ya hospitali imechakaa na haijaagizwa nyingine, au kulaza mgonjwa kunaingiza fedha zaidi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama kuna MVA. Kama haipo na hali si ya dharura, kuhamia hospitali nyingine si utovu wa adabu.

Kusubiri

Hii ni kwa mimba iliyoharibika yenyewe tu, mtoto hana mapigo au damu imeanza kutoka. Kama hakuna homa, damu si nyingi na mama yuko karibu na huduma, mwili unaweza kumaliza wenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Mimba iliyoanza kutoka humalizika hivi mara nyingi. Ile iliyokufa ikabaki kimya, mlango umefunga, huchelewa na mara nyingi huishia kwenye vidonge au pampu. Wapo akina mama wanaotaka hivi kwa sababu wanahisi wamemuaga mtoto kwa utaratibu wao. Wapo wasioweza kuvumilia kutembea na mimba isiyo hai hata usiku mmoja. Wote wawili wana haki, na mama mkwe asiwaamulie.

Baada ya wiki ya 14 ulinganisho unakuwa mfupi: ni hospitali, ama kwa misoprostol chini ya uangalizi, ama kwa utaratibu wa upasuaji unaohitaji daktari aliyeufanyia mazoezi. Vituo vidogo vitoe rufaa.

Njia ambayo haipo kwenye mwongozo wowote

Vijiti vya mhogo, majivu, jiki, majani ya chai yaliyokolezwa hadi meusi, klorokwini ya kumwaga mkononi, waya wa baiskeli. Hizi hazilinganishwi na kitu. Nazitaja kwa sababu ndizo zinazojaza wodi. Utafiti wa Wizara ya Afya ya Kenya na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi ulikadiria mimba karibu 465,000 zilizotolewa Kenya mwaka 2012, na wanawake karibu 120,000 waliotibiwa vituoni kwa madhara yake. Tanzania Bara na Zanzibar kwa pamoja, makadirio ya mwaka 2013 ni mimba kama 405,000, na waliopata matibabu ya madhara walikuwa kama 66,600. Nchi zote mbili zilikuwa na adhabu ya jela vitabuni miaka yote hiyo.

Kwa njia yoyote ile, hata ile nzuri, dalili za kukimbilia hospitali ni hizi: kulowanisha pedi mbili kubwa kwa saa, saa mbili mfululizo, homa inayozidi siku moja, uchafu unaonuka, tumbo linalozidi kuuma badala ya kupungua, kuzimia. Mwambie mhudumu ulichotumia. Akijua, anatibu haraka zaidi.

Sheria: mpaka wa Namanga unabadilisha nini

Sheria za jinai za nchi hizi mbili ni ndugu wa baba mmoja. Zote zimetokana na sheria ya Waingereza ya 1861, na adhabu zinafanana hadi leo: anayemtoa mwingine mimba, miaka 14, mwanamke mwenyewe, 7, anayetoa dawa au vifaa akijua vinaenda kutumika hivyo, 3. Zote zina kifungu kinachomlinda daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Mwaka 1938 huko London, daktari Aleck Bourne alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na wanajeshi, akajipeleka mwenyewe mbele ya sheria, na akaachiwa. Hoja iliyokubalika ni kwamba kuokoa maisha kunajumuisha kumzuia mtu asiharibikiwe mwili na akili. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki nayo iliifuata hoja hiyo.

Tofauti ilikuja mwaka 2010. Katiba mpya ya Kenya, Ibara ya 26, inasema uhai unaanza mimba inapotungwa, na papo hapo inaruhusu mimba kutolewa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Sheria ya Afya ya 2017 ikafafanua kwamba mtaalamu huyo anaweza kuwa daktari, afisa wa kliniki, muuguzi au mkunga, mradi amefunzwa na ana leseni. Juni 2019 Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na FIDA-Kenya (chama cha mawakili wanawake) na wenzake kuhusu msichana aliyetajwa kwa herufi JMM, ilisema Wizara ilikosea kuondoa mwongozo wa huduma hizi, na kwamba mimba ya ubakaji inaweza kutolewa ikiwa mtaalamu anaona maisha au afya, pamoja na afya ya akili, iko hatarini. JMM alibakwa akiwa na miaka 14, akatolewa mimba kichochoroni, figo zikafeli. Alifariki kabla ya hukumu.

Kwa hiyo Kenya mlango ni afya ya mama. Tanzania, kwa maandishi ya Kanuni ya Adhabu, ni kuokoa maisha yake. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Umoja wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007. Ibara yake ya 14 inataja ubakaji, ngono ya maharimu na afya ya mama, lakini Tanzania haijaihamishia ibara hiyo kwenye sheria zake. Kenya iliridhia mwaka 2010 na kuikataa ibara hiyo waziwazi. Rwanda ilikwenda mbali zaidi: sheria ya 2018 iliondoa sharti la kupata kibali cha mahakama kwa aliyebakwa, aliyeozwa kwa nguvu, aliyepewa mimba na ndugu wa karibu, au aliye mtoto. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilichapisha Itifaki hiyo kwenye gazeti rasmi mwaka 2018 na kuifanya itumike.

Kutibu mimba iliyokwisha kutoka au inayotoka, hata kama mtu anashuku ilichokorolewa, si kosa kokote kati ya nchi hizi. Kenya imeandika kwenye Ibara ya 43 ya Katiba kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Muuguzi anayemwacha mgonjwa avuje damu hadi "aseme ukweli" hatetei uhai wa yeyote.

Wanabishana nini hasa

Kanisa Katoliki linasema binadamu yupo tangu kutungwa, na kumuua moja kwa moja hakuruhusiwi hata kwa nia njema. Wakosoaji husahau kwamba lina nafasi kwa tabibu: mrija wenye mimba unaweza kukatwa kwa sababu mrija ndio mgonjwa, hata kama mtoto atakufa kama matokeo yasiyokusudiwa. Na mwaka 2016 Papa Francis aliwapa mapadri wote ruhusa ya kuwaondolea dhambi hiyo waliotubu, jambo ambalo kabla ya hapo kwa kawaida lilikuwa mikononi mwa maaskofu. Nchini Kenya mwaka 2010, maaskofu pamoja na Baraza la Makanisa Kenya walipinga rasimu ya Katiba kwa sababu ya ibara ya 26 na mahakama za kadhi. Zaidi ya theluthi mbili ya wapigakura, wengi wao Wakristo, waliipitisha.

Waislamu wa pwani yetu, wengi wao Mashafii (wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi), wanaanza na Hadithi ya Ibn Masud: siku 40 tone, 40 pande la damu, 40 pande la nyama, kisha roho inapulizwa. Baada ya siku 120 wanazuoni karibu wote wanakubaliana kwamba ni haramu isipokuwa kuokoa maisha ya mama, kwa sababu yeye ndiye shina. Kabla ya hapo wamegawanyika. Imam Ghazali alisema ni kosa tangu mwanzo, na uzito wake unapanda hatua kwa hatua. Wengine walitoa nafasi kwa udhuru. Baraza la Fiqhi (sheria ya Kiislamu) la Makka, mwaka 1990, liliruhusu kabla ya siku 120 ikiwa kamati ya madaktari imethibitisha kasoro kubwa isiyotibika. Umaskini haukubaliwi kuwa sababu; Sura ya Al-Israa inakataza kuua watoto kwa kuogopa ufukara, na ndiyo aya inayosomwa kila mjadala huu unapofika msikitini.

Upande wa haki za wanawake unasema swali la nani yupo tumboni halimalizi swali la nani analazimishwa kumbeba. Hata kama kiumbe kina thamani, hakuna sheria inayomlazimisha baba kutoa figo yake kwa mtoto aliyekwisha zaliwa. Kwa nini mama alazimishwe kutoa mwili mzima kwa miezi tisa? Wapinzani wanajibu kwamba kukataa kutoa figo na kuondoa uhai si tendo moja, na kwamba mzazi ana deni asilokuwa nalo mtu baki. Hiyo ni hoja nzito, na anayeicheka hajaisikiliza. Upande wa afya ya jamii hauingii humo kabisa. Wenyewe wanahesabu majeneza na kuuliza ni sheria gani inayoyapunguza.

Mimi naona pande hizi zinakubaliana zaidi kando ya kitanda cha mgonjwa kuliko kwenye jukwaa. Hakuna padri, shehe wala wakili anayesema mama mwenye mimba ya mrija aachwe afe. Wanakopishana kweli ni mimba changa ya mama mwenye afya, na hapo hakuna ultrasaundi itakayotoa hukumu, kwa sababu swali si la picha. Kinachoniudhi ni uongo unaoletwa kuisaidia hoja. Kutoa mimba kwa njia salama hakuleti saratani ya matiti wala utasa; anayepinga ana hoja za kutosha bila kubuni ugonjwa. Na anayemwambia msichana "si kitu, utasahau kesho" naye anadanganya. Wengi wanapata nafuu, baadhi wanaomboleza, wengine yote mawili kwa wiki moja.

Na kimaadili, kuchagua kati ya vidonge na pampu hakuna uzito wa ziada. Wapo wanaodhani vidonge ni dhambi ndogo kwa sababu damu inatoka "yenyewe". Kwa fiqhi na kwa teolojia, kinachohukumiwa ni nia na tendo. Chagua njia kwa sababu za mwili na mazingira, na hilo lingine upeleke kwa Mungu wako au dhamiri yako.

Siku ya kutoka kituoni

Yai linaweza kutoka tena ndani ya siku nane hadi kumi, kabla hata hedhi haijarudi, kwa hiyo mimba nyingine inaweza kuingia mwezi uleule. Hapa njia zinatofautiana kidogo. Baada ya pampu, kitanzi kinaweza kuwekwa palepale kitandani kama hakuna maambukizi. Baada ya vidonge kinasubiri hadi ithibitike kwamba kizazi kimebaki tupu. Kijiti cha mkononi, sindano na vidonge vya kila siku vinaweza kuanzwa siku hiyohiyo kwa njia zote. Aliyepoteza mimba aliyoitaka na anatamani kujaribu tena, asubiri damu ikauke na maumivu yaishe kabla ya tendo. Akiwa na afya njema na moyo wake uko tayari, hakuna haja ya kumwambia akae nusu mwaka.